Kunakili kwa Macho

Katwe haijawahi kuona haya kunakili. Ukiwapelekea mafundi wake mashine iliyotoka Ujerumani au India, hawakuulizi nani aliibuni. Wanauliza utawaachia siku ngapi. Ndivyo mtaa huu wa bondeni, chini ya kilima cha Nsambya, kando ya barabara iendayo Entebbe, ulivyojipatia jina Kampala nzima. Mashine za bisi, vinu vya karanga, mashine za kufyatulia matofali, masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, sigiri, toroli: vingi vilizaliwa hapa, na karibu vyote vilianza kama nakala ya kitu cha mtu mwingine.

Wazee husema kabla ya chuma palikuwa na wino. Enzi za ukoloni Katwe ilikuwa na mitambo ya uchapaji iliyomilikiwa na Waafrika, na magazeti ya Kiganda yaliyowakera Waingereza yalichapwa katika vichochoro vyake. Kisha ikaja Agosti 1972, Idi Amin akawapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Maduka ya vipuri yakabaki rafu tupu. Lori likivunjika ekseli, hapakuwa na wa kumwagizia London. Palikuwa na Katwe. Mafundi walionifundisha mimi walisomea katika uhaba huo, na hadi leo siamini kama kuna chuo kingewapa elimu ile.

Nilifika kwao kijana, mwishoni mwa miaka ya 1980. Baba alikuwa mtu wa reli, mzaliwa wa Voi, aliyehamishiwa Kampala wakati reli ilikuwa bado moja kwa Afrika Mashariki yote. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akabaki upande huu. Tuliishi katika nyumba za reli Nsambya, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya jikoni na ya uwanja wa mpira. Ukiteremka kidogo tu hadi Katwe, mambo yaligeuka. Kule Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi na majambazi, na kijana aliyefungua mdomo kwa Kiswahili alitazamwa mara mbili. Fundi aliyenipokea alinijibu kwa Kiganda muda mrefu kabla hajakiri kwamba Kiswahili anakijua kunishinda. Alikuwa baba wa mapacha, kwa hiyo watu wote walimwita Ssalongo, nami hapa sitamwita vinginevyo.

Ssalongo akiletewa mashine ya kunakili hakuigusa kwanza. Aliiacha ifanye kazi, akaizunguka, akaisikiliza, akaweka kiganja juu ya nyumba ya beringi aone ina joto kiasi gani. Baadaye ndipo aliifungua na kupanga vipande juu ya gunia kwa mfuatano aliovitoa, cha mwisho kikiwa karibu na goti lake. Vipimo alivichukua kwa rula ya chuma, kwa kaliper iliyofutika nusu ya namba zake, na kwa vijiti alivyovitia mapengo kwa msumeno. Michoro aliichora kwa chaki juu ya bati. Mvua ikivuja na kuifuta, aliichora upya bila kugeuka kuitazama mashine.

Nakala zake hazikuwahi kufanana na mama yao. Zingefananaje? Bamba la unene ule halikupatikana Kisenyi siku hiyo, akachukua la unene mwingine. Puli ya asili ilikuwa ya chuma. Yeye alisubu ya aluminiamu, kutokana na pistoni chakavu zilizoyeyushwa kwa mkaa na kumiminwa mchangani. Beringi zilitoka kwenye gurudumu la gari dogo la Kijapani. Nakumbuka kinu kimoja cha karanga ambacho mdomo wake ulitoka mpana kuliko wa asili kwa sababu moja tu: bomba lililopatikana lilikuwa pana. Mama aliyekinunua, muuza karanga za kusaga, alirudi anacheka. Karanga zilizokuwa zikikwama kooni mwa mashine ya Kihindi, katika hii zilishuka zenyewe. Mteja aliyefuata akataka "kile cha mdomo mpana". Miaka michache baadaye vinu vya barabara yetu vyote vilikuwa na mdomo huo, na mashine ya Kihindi hakuna aliyeikumbuka.

Hapo ndipo roho yangu hurudi kila nikisikia watu wa semina wakieleza ubunifu. Katwe haikukaa chini kubuni. Ilinakili kwa macho, na macho yana hitilafu zake, na chuma kilichopatikana kina ukaidi wake. Kati ya hitilafu na ukaidi kikatoka kitu ambacho hakikuwepo.

Mwaka 2014 nilianza kujenga ruta ya CNC katika chumba cha uani kwangu. Kwa asiyeijua: ni meza yenye daraja linalotembea mbele na nyuma juu yake, na juu ya daraja kuna kichwa kinachokwenda kushoto na kulia, juu na chini, kimeshika kisu kinachozunguka kwa kasi. Kompyuta inatoa amri, kisu kinachonga mbao, MDF au akriliki. Wazo lenyewe ni la zamani. John Parsons wa Michigan, mtengenezaji wa mapanga ya helikopta, ndiye aliyelianzisha, na chuo cha MIT kikaonyesha mashine iliyoongozwa kwa utepe wenye matundu mwaka 1952, mwaka uleule Ignatius Musazi alipounda Uganda National Congress. Kwa zaidi ya nusu karne ilibaki mali ya viwanda vyenye pesa. Kilichoiteremsha hadi uani kwangu ni Arduino, kibao cha elektroniki kinachoenea kiganjani, kilichozaliwa Italia mwaka 2005, pamoja na programu ya bure iitwayo grbl, aliyoiandika Mnorwe Simen Svale Skogsrud mwaka 2009.

Nami niliijenga Kikatwe. Nilikuwa na picha na video kwenye simu, basi. Mota za stepa nilizitoa katika fotokopi mbovu za Nasser Road, mtaa wa wachapaji, ambako fotokopi huchapishwa kazi hadi inakata roho. Fito laini za kutelezea nilizipata katika printa kubwa zilizotupwa. Swichi za kuizuia isivuke mipaka zilitoka kwenye milango ya maikrowevu. Skrubu maalumu za kuendeshea zilikuwa ghali kuagiza, nikanunua fito zenye nyuzi za milimita 12, zile za kawaida za duka la vifaa vya ujenzi. Kuunganisha mota na fito nilitumia vipande vya mpira wa kupitishia petroli na klipu zake, na kusema kweli mpira huo ulivumilia kupotoka kidogo kwa fito vizuri kuliko viunganishi vya dukani nilivyokuja kununua baadaye. Kichwani nilifunga ruta ya mkono ya seremala. Ilipiga kelele hata majirani wakaacha kunisalimia.

Fremu niliipeleka kwa Ssalongo. Aliyatazama mabomba ya mraba akauliza ni kitanda cha nani. Nilipomweleza, akanyamaza, kisha akakifanyia "kitanda" kile kazi ambayo sijaona tena. Chuma kikipata moto wa kuungia huvuta upande. Kwa hiyo hakuunga kona yoyote mpaka mwisho. Alipiga nukta hapa, akaruka kona ya mkabala akapiga nyingine, akaenda kunywa chai chuma kipoe, akarudi. Pembe mraba aliitafuta kwa uzi: sentimita 30 upande huu, 40 upande ule, na kati ya alama hizo mbili alitaka 50 kamili. Halafu akapima kona kwa kona, mshazari huu na ule, akagonga kwa nyundo pale palipozidi.

"Mwanangu," alisema, "mashine yako ina akili. Lakini ukiilaza juu ya kitanda kilichopinda, itachonga upinde kwa akili zake zote."

Hesabu ndizo zilizotutenganisha. Fito ya milimita 12 husogea milimita 1.75 kwa kila mzunguko, na mota inahesabu hatua 200 kwa mzunguko. Ukigawa unapata hatua 114.2857 kwa milimita, na tarakimu zinaendelea. Nilikuwa na daftari limejaa desimali. Ssalongo alilitazama kwa huruma. "Ongeza unywele mmoja, ssebo, ukalale." Safari hii aliniita ssebo, kama mteja. Lakini nati zilipoanza kulegea juu ya nyuzi, kiasi kwamba mashine ikigeuza mwelekeo inapoteza kidogo kabla ya kushika, daftari langu halikuwa na dawa. Yeye alikata nati mbili, akaweka springi katikati zisukumane, ulegevu ukaisha.

Siku ilipochonga kwa mara ya kwanza alikuja kutazama, ameketi juu ya kreti ya soda. Akaanza kusimulia habari za Walukagga, mhunzi wa Kabaka katika ngano za Kiganda. Kabaka alimwagiza atengeneze mtu wa chuma, atembee, aseme, awe na damu na fikra. Walukagga, akijua kwamba kukataa ni kufa, akaenda akakutana na rafiki yake mwenda wazimu, naye akampa ushauri: mwambie Kabaka kazi hiyo haifanyiki kwa mkaa wa kuni wala maji ya kisima. Inataka mkaa wa nywele za watu, mizigo elfu, na mitungi mia ya machozi. Nchi nzima ikanyolewa, ikalia, haikutosha hata kidogo, Kabaka akaifuta amri. Watoto wote wa Buganda wanaijua hadithi hii. Ssalongo aliimaliza kwa njia yake.

"Walukagga alipata pa kutorokea. Wewe umeitengeneza hakuna hata Kabaka aliyekuagiza."

Tulicheka. Wakati tunacheka kisu kilikwaa kwenye fundo la mbao. Mlio ulibadilika kwa nukta moja, mimi sikuusikia, yeye akainua mkono. Mota za stepa hazioni. Hazijui zilipo, zinahesabu tu hatua zilizoamriwa, na zikizuiwa hatua chache zinaendelea kuhesabu vilevile kama kwamba zimezipiga. Kuanzia fundo lile, kila mstari ulichongwa pembeni ya mahali pake, kwa ufasaha mkubwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi ni hivyohivyo: ukirudi, mashine imesahau ilikuwa wapi. Ssalongo aliupitisha ukucha juu ya mifereji iliyokosea, akasema imechongwa vizuri sana.

Faida yake sitaikana. Zamani herufi za bati za kibao cha duka tulizikata kwa mkasi na msumeno, na ukihesabu vidole vya wakataji wa enzi ile hutapata kumi kwa kila mtu. Sasa herufi za akriliki zinatoka zimenyooka na hakuna anayetokwa damu. Mpwa wangu wa kike, ambaye miaka ile asingeruhusiwa kusogelea moto wala nyundo, ndiye anayechora kazi zangu zote leo, na wateja humtafuta yeye. Hata Ssalongo aliipatia kazi mashine ile. Alitaka vielelezo vya mbao vya kusubia puli. Aluminiamu ikipoa hunywea, kwa hiyo kielelezo lazima kizidi kidogo. Nilimuuliza kizidi kiasi gani, akanionyesha sehemu ya ukucha wa kidole gumba. Nikaupima ukucha kwa kaliper, nikalinganisha na upana wa puli, ikaja zaidi kidogo ya asilimia moja, karibu sana na kipimo ambacho vitabu vya usubuji vinatoa kwa aluminiamu. Ukucha ule niliuandika katika faili.

Kilichonifungua macho ni milango.

Wateja wa milango walianza kuja na simu. Zamani mteja alikwenda kwa maseremala wa Ndeeba akaeleza kwa mikono: maua hapa, juu pawe duara, na kiti cha baba yangu kilikuwa na kitu kama hiki. Seremala akaelewa nusu, nusu nyingine akaitunga. Sasa anafungua simu: nataka huu. Faili ipo, ya bure au ya bei ndogo, na ninaweza kumchongea ua lilelile ambalo wiki hiyohiyo mtu mwingine anachongewa Kitengela na mwingine Mbezi. Mmoja alitaka mlango wa Zanzibar. Faili aliyokuwa nayo ilichanganya kila kitu: juu upinde, uliokuja na mitindo ya Kihindi, chini samaki na yungiyungi za milango ya zamani yenye vizingiti vilivyonyooka, na kando ya fremu ule mnyororo maarufu unaopanda na kushuka.

Mlango wake ulikuwa mfupi kuliko wa faili. Mtu aliyeipunguza, sijui alikuwa nani katika mikono mingi iliyopitisha faili ile, aliikata tu urefu. Mnyororo ukafika juu ukaishia nusu pete.

Mchonga milango wa Unguja asingeacha nusu pete. Angepima fremu kwanza, akagawa, akarefusha kila pete kwa kiasi kisichoonekana ili idadi iwe kamili na pete ya mwisho ifunge kona. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo jicho huifanya bila kuambiwa. Mashine yangu ilichonga nusu pete safi kabisa, kingo zake kali, pande zote mbili za mlango, zinalingana. Nilimwonyesha mteja. Akatazama, akatazama simu, akasema ni sawa, ndivyo ilivyo kwenye picha. Akalipa.

Tangu hapo nimekuwa nikivitazama vinu vya karanga vinavyotengenezwa siku hizi. Bamba zinakatwa kwa mashine, mashimo yanaingiliana, hakuna anayegonga kwa nyundo kukilazimisha kitu kikae. Ni kazi nzuri kuliko yetu. Mdomo wa kinu ni uleule wa Ssalongo, upana uleule wa bomba lililopatikana siku ile, umewekwa katika faili kama sheria. Vijana wanaoukata hawajui kwamba ulitokana na uhaba, na hakuna anayejaribu mwingine, kwa kuwa bamba la kipimo chochote linapatikana. Kila kitu kinapatikana. Huko Namanve, kwenye eneo la viwanda, mwaka 2020 serikali ilifungua kituo cha kufundishia ufundi wa mashine, chenye mashine za CNC ambazo ruta yangu mbele yake ni kitanda kweli. Wahitimu wanasoma mchoro wa kihandisi kwa ufasaha ambao kizazi changu hakikuwa nao. Ukimpa mmoja mashine mbovu bila mchoro, anakuuliza mchoro uko wapi. Na ni swali la haki. Mimi ndiye ninayelisikia vibaya.

Pale alipokuwa na karakana yake Ssalongo pamejengwa jengo la maduka, lile la vyumba vidogovidogo lililo sawa na mengine yote ya Kampala. Yeye amerudi Mpigi kwenye migomba yake. Nikimpigia simu huuliza mashine bado inahesabu tu, au imeanza kuona. Namjibu bado. Siku hizi kazi nyingi nazifanya kwa mashine ya Kichina yenye spindo ya kilowati 2.2, inayopozwa kwa maji, na majirani wameanza tena kunisalimia. Ile ya fotokopi na maikrowevu iko uani. Meza yake ni ndogo, haikuwahi kuupokea mlango mzima, ilibidi kuchonga paneli mojamoja.

Mwaka jana alikuja kijana wa Ndeeba, akaniita mzee, akaomba kuiona hiyo ya uani. Hakuuliza mchoro. Aliizunguka, akanisihi niiwashe, akasikiliza. Akapiga picha chache, akapima daraja kwa shubiri kwa sababu hakuja na futi, akaondoka. Nilimsahau. Baadaye nikasikia amejenga ya kwake, nikaenda kuitazama. Mabomba aliyoyapata yalikuwa ya bango la matangazo lililong'olewa, marefu, na hakuona sababu ya kuyakata, kwa hiyo meza yake inapokea mlango mzima kwa mara moja. Fito zenye nyuzi za urefu huo zingeyumba kama kamba, basi akazitupa, upande mrefu akaweka mnyororo wa bodaboda, wa milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Namba hiyo aliipata kwa kupima pini kumi kwa pamoja kisha kugawa. Inatetemeka kidogo ikigeuka. Amefunga springi mahali ambapo mimi nisingefikiria.

Wateja wangu wa milango sasa wanakwenda kwake. Mwezi uliopita alinitumia mmoja, aliyetaka kibao cha jina tu.